Je, Wajua? Mkonge Huzaa Bila Dume Wala Jike

Barabara ya Segera kwenda Mombo hupita katikati ya mashamba ya mkonge ya Korogwe. Mikonge hiyo, kama ile ya wakulima wa Handeni, haikupandwa kwa mbegu.

Mkonge huchanua mara moja tu maishani, mara nyingi baada ya miaka 7 hadi 12. Mlingoti huchomoza katikati ya majani, ukapanda hadi mita 6 na kubeba maua ya kijani iliyochanganyika na manjano. Kila ua huanza na udume: chavua hutoka kwanza, na sehemu ya kike hukomaa siku chache baadaye. Hata hivyo mbegu hupatikana kwa nadra, kwa kuwa mkonge una seti 5 za kromosomu, nazo hazigawanyiki sawasawa. Maua yakishapukutika, kwenye matawi yaleyale huota miche midogo yenye majani kamili, hata zaidi ya 1,000 kwa mlingoti mmoja. Ikikomaa huanguka, na mmea mama hufa. Shinani, maotea yalikwisha kutoka zamani.

Ndiyo maana miche 62 iliyonusurika katika shehena ya Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, mwaka 1893, ilitosha kuanzisha zao lililoipa nchi tani zipatazo 230,000 za katani mwaka 1964.

Wala mkonge hauko peke yake. Mpapai huwa dume, jike, au vyote viwili katika ua moja. Konokono mkubwa wa mashambani ana via vya kiume na vya kike. Mwanabiolojia wa Marekani Joan Roughgarden, mwanamke aliyebadili jinsia, alikusanya mifano mingi ya aina hii katika kitabu chake cha 2004, akawakosoa wanasayansi wanaoiona kuwa kasoro.

Ila miche isiyotokana na mbegu hufanana kabisa, na kufanana huko kuna gharama. Chotara 11648, aliyepatikana Mlingano, Muheza, kwa kuchavusha mikonge ya jamii nyingine, hutoa majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Naye husambazwa kwa miche inayofanana, hivyo udhaifu wa mmoja ni wa shamba zima: ugonjwa wa madoa ya majani uliopewa jina la Korogwe humshambulia yeye hasa.

Mkulima asitegemee aina moja. Na anayedai maumbile yanajua njia moja tu ya kuzaa, aulize kwanza Korogwe wanalima nini.