Jimbu Inapoingia Kwenye Samli

Ijumaa ndiyo siku ambayo jiko letu la ghorofa ya pili, katika jengo la wafanyakazi pembezoni mwa Doha, lilikuwa na foleni. Wakenya tulikuwa wawili tu, waliobaki karibu wote walikuwa Wanepali. Mkubwa wao kwa umri tulimwita dai, yaani kaka, kama walivyomwita wenzake, naye akaniita bhai, mdogo wake. Kwao ni Mustang, kaskazini mwa Nepali, mahali penye upepo na mawe kiasi cha mita 2,700 juu ya usawa wa bahari.

Mara ya kwanza nilipomwona akipika dal, adesi zilikuwa zimeshaiva. Zilikuwa na chumvi, manjano na tangawizi, nami nikadhani kazi imekwisha. Dai akatia samli kwenye upawa wa chuma, akaushika juu ya moto mpaka samli ikaanza kufuka moshi mwembamba. Akachota kwa vidole vitatu majani makavu yaliyofanana na nyasi, akayatupia humo. Yakageuka kahawia kwa sekunde chache. Akamimina vyote kwenye sufuria, chwaaa, na papo hapo akafunika. Alipofunua baada ya dakika mbili, watu waliokuwa wakibishana kwenye foleni walinyamaza.

Majani yale yanaitwa jimbu. Ni ndugu wa kitunguu na kitunguu saumu, humea katika nyanda za juu za Himalaya kama Mustang na Dolpa, huvunwa, hukaushwa, kisha husafiri. Ukiyanusa yakiwa makavu huambulii mengi: harufu ya majani, na kitunguu kwa mbali. Ni mafuta ya moto yanayoyaamsha.

Mpishi wa pwani ataitambua kazi ile mara moja. Ni kuunga. Tofauti ni kwamba sisi mara nyingi huunga mwanzoni, kitunguu kikaanza kisha nyanya kisha mboga, na wao huunga mwishoni. Kinepali huita jhannu, Kihindi tadka, na kwenye nyumba za Wagujarati wa Mombasa na Dar es Salaam utasikia vaghar. Watu wengi huichukulia kama pambo la kumalizia. Mimi nasema ndiyo moyo wa chakula chenyewe.

Maji yakichemka kwenye sufuria usawa wa bahari hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hata uwashe moto wa namna gani. Joto la ziada huondoka na mvuke. Samli hufika nyuzi 180 bila shida. Katika joto hilo, unyevu mdogo uliosalia ndani ya jani au mbegu hugeuka mvuke na kupasua kuta zake, na huzaliwa harufu mpya ambazo maji peke yake yasingeweza kuzizaa. Tena, molekuli nyingi za harufu za viungo hazipatani na maji, zinapatana na mafuta. Manjano ni shahidi: koroga kijiko chake kwenye maji baridi, yatatuama chini, koroga kwenye mafuta ya moto, yatatoa rangi yake yote. Jimbu, bizari nyembamba, pilipili kavu, vyote huhamishia harufu zao kwenye samli, na samli huelea juu ya dal, karibu kabisa na pua ya mlaji. Kwa kuwa imetiwa mwisho, harufu haijapata muda wa kuruka na mvuke. Ndiyo maana dai alifunika haraka.

Ule ukimya wa foleni nao una maelezo yake. Habari za macho na masikio hupita kwanza kituo cha katikati ya ubongo kiitwacho talamasi. Habari za harufu zina njia ya mkato, hufika moja kwa moja karibu na sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Mtu anakuwa ameshafika kwao kabla hajajua ni nini kilichomfikisha. Na Wanepali walio mbali na kwao ni wengi mno: sensa ya nchi hiyo ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 walioko nje, wengi wao Ghuba, Malaysia na India.

Chakula cha nyumbani kinapokosa ladha ugenini, wa kwanza kulaumiwa ni mkono wa mpishi. Nimewasikia Wanepali, Wahindi na Waswahili wenzangu wakisema mkono umeharibika. Siamini. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni maji, hewa, unga na viungo, na kila kimoja kinaweza kupimwa na kurekebishwa.

Tuanze na hewa. Dai alishangaa kuona adesi za Doha zinaiva upesi kuliko za kwao. Kadiri unavyopanda mlima mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka mapema, yakiwa na joto dogo zaidi. Hesabu ya haraka ni kupunguza nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi. Kathmandu maji huchemka kwenye nyuzi 95, Mustang kwenye 91 au pungufu. Anayehamia Nairobi kutoka Mombasa hukutana na jambo hilohilo kwenye maharage. Sufuria ya presha hulitatua kwa kuzuia mvuke: mgandamizo ndani ukifika mara mbili ya ule wa usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi. Kwa hiyo mluzi wake unaosikika kila alfajiri katika nyumba za Nepali na India una maana kubwa zaidi kwa mtu wa milimani. Doha dai aliiweka kando sufuria ya presha, akatumia sufuria ya kawaida, na dal yake ikatulia vizuri zaidi.

Maji ni shida ya wengine. Mpwa wake dai anaishi London, na alikuwa akilalamika kwenye simu kwamba choroko nyeusi, zile za dal nzito ya siku za baridi, zinagoma kulainika hata baada ya saa mbili. Maji ya London hupitia miamba ya chokaa na hubeba kalsiamu nyingi. Kalsiamu hiyo hushikamana na pektini, ile gundi inayounganisha chembe za mbegu, na kuifanya iwe ngumu. Asidi hufanya kazi ya namna hiyohiyo, kwa hiyo nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka mbegu iive. Dawa yake kila mama wa Afrika Mashariki anaijua: magadi. Sodiamu iliyomo huiondoa kalsiamu kwenye nafasi yake, na ubesi wake huilegeza pektini. Yawe kidogo tu, maana yakizidi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Nilimwambia dai amwambie mpwa wake atie baking soda, ncha ya kijiko, usiku anapoloweka. Wiki iliyofuata tukatumiwa picha ya sufuria tupu.

Viungo vyenyewe vina safari ndefu kuliko wapishi. Timur, vitunda vidogo vyeusi vya achari ya Kinepali, ni jamaa ya malimao na ndimu. Ukiitafuna, midomo hutetemeka kama imegusana na waya mwembamba wa umeme. Mwaka 2013 watafiti wa University College London, UCL, walipaka midomo ya watu pilipili ya Sichuan, ndugu wa timur, wakakuta kwamba mtetemo unaohisiwa ni wa takriban mara 50 kwa sekunde. Molekuli iitwayo sanshuli huamsha neva za mguso. Midomo haitetemeki kweli. Ni neva zinazosema hivyo. Kwa kuhofia ugonjwa wa michungwa, Marekani ilizuia pilipili hiyo kuingizwa nchini tangu 1968 hadi 2005, na katika miaka hiyo mpishi wa huko hakuruhusiwa kuagiza kitu ambacho hakina mbadala.

Mvuje nao, ambao watu wa pwani wanaujua zaidi kwa dawa za watoto kuliko kwa mchuzi, ni nguzo ya jiko la Kihindi la wasiokula kitunguu. Unanuka vikali kwa sababu ya salfa, na katika mafuta ya moto hutulia ukawa kama kitunguu kilichokaangwa taratibu. India hutumia mvuje mwingi mno, lakini utomvu wake huagizwa Afghanistan, Iran na Uzbekistan. Ni mwezi Oktoba 2020 tu ndipo wanasayansi wa nchi hiyo walipopanda miche yake katika bonde la Lahaul, Himachal Pradesh. Hata mpishi aliyeko Delhi, basi, amekuwa akipikia viungo vya ugenini.

Unga nitausema kwa kifupi. Unga wa chapati za Kihindi husagwa kwa jiwe, na jiwe hupasua punje nyingi za wanga, zikanywa maji mengi. Unga wa mikate wa Ulaya husagwa kwa vinu vya chuma na haunywi hivyo. Ukitumia kipimo cha nyumbani, kinyunga hakiwi kilekile. Ongeza au punguza maji kwa kugusa, uache kinyunga kipumzike, na usitegemee kikombe.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa juu ya paa. Dai alinunua majani ya haradali sokoni, akayaacha yanyauke siku moja, akayaponda na kuyashindilia kwenye mtungi bila chumvi, akaufunga. Hewa ikiwa imebanwa nje, bakteria wa asidi ya maziwa, ambao tayari wanaishi kwenye majani, hula sukari yake na kutoa asidi, mpaka wale wa uozo hawana nafasi tena. Kwao Mustang kazi hiyo huchukua wiki na zaidi. Doha ilichukua siku 5. Kisha akayaanika, na jua la pale likayakausha kwa mchana mmoja. Hiyo ndiyo gundruk, mboga ya majira ya baridi, imetengenezwa kwenye jangwa.

Niliporudi Mombasa nilijaribu kwa sukuma wiki, ambayo ni jamaa ya haradali. Siku ya 4 nilifungua mtungi: harufu ilikuwa chachu na safi, kama maziwa mala. Niliipika kwa viazi, nikaunga mwishoni kwa samli na jimbu aliyonifungia dai kwenye karatasi siku naondoka, nikafunika. Kisha nikampigia simu ya video ili aone nikifunua.