Injini ya Piga-Kosa

Mtu akipita karibu na mashine ya kusaga unga husikia injini ikilia sawasawa, tu-tu-tu-tu, bila kuruka hata pigo moja. Ipo aina nyingine ya injini ambayo mtu asiyeijua akiisikia atadhani inakata roho. Hulipua mara moja, paa! kisha ikanyamaza. Magurudumu yake yanazunguka tu, yakihema chu-fu, chu-fu, chu-fu, na msikilizaji anapokwisha kukata tamaa, paa! tena. Wala si mbovu. Ndivyo ilivyokusudiwa, na jina lake la Kiingereza lina maana ya kupiga na kukosa. Hapa nitaiita injini ya piga-kosa.

Nimependa kuieleza katika gazeti letu kwa kuwa karibu kila kiungo chake kiko nje, chaonekana kwa macho, na kwa kuwa watu wenye karakana ndogo nyumbani, hasa Marekani na Uingereza, huzitengeneza kwa mikono yao mpaka leo. Tena kuna jambo moja ambalo anayeanza kazi hii hulisahau kwa urahisi. Hushughulika siku nyingi na silinda na pistoni, akakifanya kwa haraka kipande kimoja kidogo cha chuma kisichozidi kidole. Kipande hicho ndicho kinachoweza kumuua.

Asili ya mambo ni mwaka 1876, Mjerumani Nikolaus Otto alipokamilisha injini ya hatua nne. Tangu miaka ya 1890 viwanda vingi vya Marekani vilitengeneza injini za piga-kosa kwa ajili ya wakulima. Mji wa Waterloo katika jimbo la Iowa ulijulikana sana kwa kazi hii. Kiwanda kimoja cha huko, Waterloo Gasoline Engine Company, kilinunuliwa na kampuni ya John Deere mwaka 1918, na tangu 1923 kampuni hiyo ikauza injini iliyoitwa Model E, ya nguvu za farasi 1½, 3 na 6. Hata ile ndogo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Mkulima aliifunga mkanda ikavuta maji kisimani, kesho ikapukuchua mahindi, keshokutwa ikapasua kuni. Baadaye, kuanzia 1935, serikali ya Marekani ilipoanza kusaidia kueneza umeme mashambani, nyingi ziliachwa nyuma ya mabanda zikaota kutu.

Sasa tuje kwenye kazi yake. Wanafunzi wa Fizikia wanazijua hatua nne. Silinda imelala. Pistoni hurudi nyuma ikavuta hewa iliyochanganyika na petroli. Huja mbele ikaigandamiza. Cheche hulipua mchanganyiko huo na pistoni hutupwa nyuma kwa nguvu. Kisha huja mbele tena ikausukuma moshi nje. Katika hatua hizo ni moja tu, ya tatu, inayofanya kazi. Nyingine tatu huendeshwa na uzito wa magurudumu. Na kwa kuwa hatua nne huchukua mizunguko miwili, injini inayozunguka mara 400 kwa dakika ina nafasi 200 za kulipua.

Hebu fikiri kwamba mkulima ameutoa mkanda. Injini haina mzigo wowote. Ikilipua mara zote 200, nguvu hiyo yote itakwenda wapi? Itaingia katika magurudumu, nayo yatazidi kukimbia dakika hata dakika. Hapana budi injini izuiwe. Injini ya gari huzuiwa kwa kupunguziwa chakula: kila mara inalipua, lakini inalipua kidogo. Injini za dizeli za mashine za kusaga, kama zile za Lister za Uingereza, nazo ni hivyo hivyo, hupunguziwa mafuta kila pigo. Injini ya piga-kosa haijui kula nusu. Hula ikashiba, au haili kabisa.

Inafanyaje? Ina valvu mbili. Ile ya kuingizia hewa haisukumwi na kitu. Imeshikwa na springi dhaifu tu, na hufunguka yenyewe pistoni inapovuta. Ile ya kutolea moshi husukumwa na ufito wa chuma, na ufito husukumwa na nundu iliyo juu ya gia. Gia hiyo ina meno mara mbili ya ile iliyo kwenye shafti, tuseme 48 kwa 24, kusudi nundu ije mara moja katika kila mizunguko miwili.

Kwenye gurudumu hufungwa vipande viwili vya uzito vyenye springi. Mafundi huita chombo hiki gavana, na kweli kinatawala. Gurudumu likizidi mwendo uliowekwa, vipande vile hutanuka kwenda nje, kama mtoto anavyovutwa nje akipanda bembea ya kuzunguka. Vikitanuka husogeza pete iliyo juu ya shafti, na pete husogeza komeo. Basi nundu inapousukuma ufito mbele na valvu ya moshi ikafunguka, komeo huukamata ufito pale pale. Valvu haiwezi kufunga tena.

Pistoni inaporudi nyuma, haipati tabu ya kuvuta, maana njia ya moshi iko wazi. Huvuta hewa kupitia bomba la moshi na kuisukuma nje kwa njia ile ile. Hiyo ndiyo ile chu-fu, chu-fu. Kwa kuwa hakuna mvuto wa kutosha, valvu ya hewa haifunguki, na tone la petroli haliingii. Magurudumu hupoteza mwendo kidogo kidogo, vipande vya uzito hurudi ndani, komeo huachia, valvu ya moshi hufunga, na pistoni ikivuta mara hii hukuta mlango mmoja tu wa kuvutia. Paa!

Wako wanaodhani kwamba injini hii hunyamaza kwa sababu cheche imekatwa. Sivyo. Kama cheche tu ingekatwa, petroli ingeendelea kuvutwa na kutupwa nje bure. Faida yake ni kwamba isipokuwa na mzigo haili, na inapokula huunguza mlo mzima vizuri. Hasara yake ni mwendo usio sawa: ukiifunga kwenye dinamo, taa zitazidi mwanga na kufifia.

Komeo ndilo kile kipande kidogo nilichokitaja mwanzoni. Ufundi wake uko katika nafasi ndogo sana, kama unene wa ukucha. Nundu lazima iusukume ufito mbele kidogo kupita pale komeo linaposhika, ili kila nundu inapokuja, komeo lipate kupumua kwa nukta moja na kuweza kutoka. Fundi asipoiacha nafasi hiyo, springi ya valvu hulibana komeo, nalo halitoki hata magurudumu yakipunguza mwendo, na injini itazimika yenyewe. Akiiacha kubwa mno, ufito hujigonga juu ya komeo kila mara, na kingo huliwa. Kingo zikiwa mviringo, komeo huteleza. Gavana anaamuru, lakini hakuna anayetii.

Tufanye hesabu. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 50 likizunguka mara 500 kwa dakika, ukingo wake husafiri mita 785 hivi kwa dakika. Likizunguka mara 1,000, ukingo husafiri mita 1,570. Kanuni ya kale ya mafundi wa magurudumu ya chuma cha kusubu ilisema ukingo usipite maili moja kwa dakika, yaani mita 1,600 hivi. Na nguvu inayotaka kulipasua gurudumu haiongezeki kwa kadiri ya mwendo bali kwa mraba wake: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Komeo likishindwa injini ikiwa haina mzigo, mwendo waweza kuongezeka hivyo kabla mtu hajajua la kufanya, na chuma cha kusubu kikipasuka hakitoi onyo.

Juu ya kupoza nitasema machache. Silinda imezungukwa na birika la maji lililo wazi juu. Maji huchemka, mvuke ukapaa, na kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua kilojuli 2,260 hivi za joto. Kazi ya mwenye injini ni kuongeza maji tu. Kule Iowa, aliyesahau kuyamwaga usiku wa baridi kali alikuta asubuhi yameganda na birika limepasuka. Sisi wa pwani hatuna taabu hiyo.

Anayetaka kuitengeneza ana njia mbili. Ya kwanza ni kukereza kila kiungo kutoka chuma kitupu. Mmarekani Philip Duclos alichora ramani ya injini ndogo ya namna hii akaiita Odds and Ends, jina lenye maana ya mabaki na vipande-vipande, na wapenzi wa kazi hiyo wameitengeneza kwa wingi. Njia hii yataka mashine ya kukerezea na subira. Ya pili ni kutafuta kompresa kuukuu ya hewa. Yenyewe ina silinda, pistoni, ringi na krenki. Linalobaki ni kuitengenezea kichwa kipya cha chuma kinene chenye valvu mbili, gia mbili, na gurudumu zito. Wazazi wanaosoma haya wasikimbilie kuyauza machuma yaliyo nyuma ya nyumba.

Springi ya valvu ya hewa iwe laini, ya kubonyea kwa kidole bila jitihada. Ya valvu ya moshi iwe ngumu, la sivyo pistoni itaivuta nayo ifunguke na kuharibu mambo. Tangi la petroli liwekwe chini ya injini, ili petroli isije ikatiririka yenyewe. Lakini hapo injini ikinyamaza kwa mizunguko mingi, petroli iliyo ndani ya mrija itarudi tangini, na mvuto unaofuata utaleta hewa tupu. Dawa yake ni gololi ndogo ndani ya mrija, ambayo huinuka petroli inapopanda na kuziba inapotaka kushuka. Cheche nayo ifungwe na mwendo wa ufito, ili ufito ukikamatwa betri isitumike bure.

Siku ya kwanza usitie petroli. Funga injini kwa bolti juu ya mbao nzito, nje ya nyumba, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Izungushe kwa mkanda kutoka mota ya umeme, ukiongeza mwendo polepole, huku springi za gavana zikiwa zimelegezwa. Utazame komeo. Likikamata kila mara unapozidisha mwendo, na kuachia kila mara unapopunguza, basi waweza kutia petroli. Likikosa hata mara moja kati ya ishirini, lirudishe kwenye tupa. Injini ikiisha kuwaka, asisimame mtu, mwalimu wala mwanafunzi, mbele au nyuma ya ukingo wa magurudumu. Mahali pa watazamaji ni mbali kidogo, upande wa ncha ya shafti, nje ya mstari wa ukingo wa magurudumu. Hesabu milipuko ya dakika moja. Ikikaa kimya muda mrefu baina ya paa na paa, imekuwa nyepesi na misuguano yake ni michache. Ukitaka kuizima, funga petroli na kungoja. Magurudumu yatazunguka muda mrefu bila mlipuko, na yaachwe yasimame yenyewe, wala asiyazuie mtu kwa mguu.