Maneno 10,000 yasiyo na msomaji

Barua huwa fupi na yenye adabu. Mwandishi wake anajitambulisha kuwa mhadhiri au mratibu wa warsha, anasema jina lako amelikuta kwenye orodha ya wafasiri mtandaoni, na ana andiko la Kiingereza la maneno 10,000 hivi kuhusu lishe ya watoto au mabadiliko ya tabianchi. Analihitaji kwa Kiswahili kabla ya mwezi kwisha. Anauliza bei. Ukiitaja, anaikubali bila kupunguza hata senti. Anaongeza kwamba ana tatizo la kusikia, kwa hiyo mawasiliano yote yawe kwa barua pepe.

Mfasiri wa kujitegemea ambaye hajaona kazi kwa wiki kadhaa ana kila sababu ya kuijibu barua hiyo. Kwa kasi ya kawaida ya maneno 2,000 au 2,500 kwa siku, hizo ni siku nne au tano za kukaa mezani, kusaka istilahi, kupiga simu kwa muuguzi au mwalimu rafiki ili kuhakikisha neno fulani ndilo watu wanalolitumia, kisha kurudia kusoma yote usiku bando likiwa limebaki kidogo. Kinachouma ni kwamba hakuna mtu atakayeisoma tafsiri hiyo. Andiko lenyewe limenakiliwa kutoka Wikipedia au ripoti yoyote iliyo wazi mtandaoni, likabandikwa jina la mtu asiyekuwepo. Kazi ni kisingizio tu cha kukufikisha kwenye malipo, na utapeli wenyewe unafanyika hapo.

Marekani na Kanada, malipo hayo huja kwa hundi. Huko Kiswahili kina soko la kweli: wakimbizi wengi kutoka Kongo waliopewa makazi Marekani wanakizungumza, na hospitali, shule na mahakama zinawahitaji wakalimani na wafasiri. Basi tuseme mmekubaliana dola 800, halafu inafika hundi ya dola 2,800. Mteja anaomba radhi: msaidizi wake amekosea, amejumlisha fedha za mtu mwingine, labda wakala wa usafiri. Anakusihi uiweke benki, uchukue chako, na dola 2,000 zilizozidi umtumie huyo wakala leo hii kwa Western Union au MoneyGram. Unaiweka. Baada ya siku moja au mbili salio linapanda, nawe unaamini hundi imepita.

Haijapita. Sheria ya Marekani inaitaka benki impe mteja fedha za hundi ndani ya siku chache, lakini kugundulika kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Siku hiyo ikifika, benki inazirudisha zile 2,800 zote kutoka kwenye akaunti yako, ziwepo zisiwepo. Zile 2,000 ulizotuma zilitoka mfukoni mwako, na aliyezipokea keshatokomea. Mfasiri anabaki na deni la benki na tafsiri ya maneno 10,000.

Dar es Salaam au Nairobi mbinu hiyo haina nguvu, kwa kuwa ni wachache wanaolipwa kwa hundi kutoka ng'ambo. Tapeli naye analijua hilo. Kwetu anakuja kwa njia ya simu. Watanzania tumezoea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na wengi wetu tunaufuta bila kuumaliza. Lakini utapeli huu unaowalenga wafasiri unaanza mbali zaidi, nao una subira.

Unaanza na tangazo la Facebook au kundi la Telegram: shirika la uchapishaji, mara nyingi lenye jina na nembo ya shirika halisi, linatafuta watu wa kufasiri vitabu kwa Kiswahili. Ukijibu unaunganishwa na "mhariri". Anakupa namba ya mfanyakazi, kurasa 40 au 50, tarehe ya mwisho, na onyo kali kuhusu kuchelewa. Onyo hilo ndilo linalokutuliza, maana tapeli uliyemzoea wewe hajali ubora wala muda. Unafanya kazi, unaiwasilisha, unasifiwa. Kisha unafunguliwa akaunti kwenye tovuti yao na unaona kwa macho yako dola 600 zimeandikwa mbele ya jina lako. Ukibonyeza kutoa, mfumo unadai uthibitishe akaunti kwa dola 20. Ukilipa, inakuja kodi ya dola 50. Ukilipa kodi, kumbe jina limekosewa herufi moja na kulirekebisha ni dola 80. Kila malipo ni madogo yakilinganishwa na zile 600, na kila moja linaonekana kuwa la mwisho. Hivyo ndivyo dema linavyofanya kazi baharini, samaki anaingia kwa mlango mpana na kila anapojaribu kutoka anazidi kusogea ndani.

Watu wakisikia visa hivi husema waliopigwa walikuwa na tamaa. Sikubaliani nao kabisa. Mtu aliyefanya kazi siku tano haoni kuwa ananunua ajira. Anaona anaokoa jasho lake lisipotee. Zaidi ya hapo, karibu kila hatua ya utapeli huu imeazimwa kutoka kwenye desturi halali za kazi ya tafsiri. Mfasiri wa kujitegemea kwa kawaida hamjui mteja wake kwa sura. Hufanya kazi kwanza akalipwa baadaye, na siku 30 au 60 za kusubiri ni jambo la kawaida. Huombwa kufanya jaribio bila malipo. Hutuma wasifu wake kwa watu asiowajua na huiweka bei yake hadharani. Mwalimu au fundi akiambiwa afanye kazi mwezi huu alipwe mwezi ujao na mtu asiyemjua, mahali asipopajua, atakataa. Mfasiri akikataa masharti hayo hatapata kazi hata ile ya kweli. Tapeli hakuhitaji kubuni chochote, amejifunza tu taratibu zetu.

Jaribio ni mfano mzuri. Kampuni makini huomba maneno 200 au 300 ili ione uandishi wako. Lakini wapo wanaochukua kitabu kizima cha maelekezo, wakakikatakata vipande vya kurasa mbili mbili, wakawapelekea watu kadhaa kila mmoja akidhani anafanya mtihani. Vipande vikirudi vinaunganishwa na kuuzwa. Waliofasiri wanaandikiwa kwamba kwa bahati mbaya safari hii hawakuchaguliwa. Hapo hakuna pesa iliyokutoka, ni siku zako tu zimeibwa, na kwa kuwa huoni hasara mfukoni hutamlalamikia mtu.

Wizi unaonitia hofu zaidi ni ule wa wasifu. Mtu anachukua wasifu wako uliouweka mtandaoni, wenye shahada yako, miaka yako ya kazi na majina ya wateja wako, anabadilisha anwani ya barua pepe tu, kisha anausambaza kwa kampuni za tafsiri duniani kwa bei ya chini. Akipata kazi anaipitisha kwenye programu ya kufasiri, anaituma ilivyo, anapokea malipo na kupotea. Kampuni ikigundua inakasirika, na jina lililo kwenye hasira hiyo ni lako. Unaweza kuishi miaka bila kujua kwa nini kampuni fulani haijibu barua zako. Tatizo hili lilikua hadi wafasiri wenyewe wakaanzisha orodha ya wazi mtandaoni, Translator Scammers Directory, inayokusanya majina na anwani zinazotumiwa na wezi wa wasifu, na mtu yeyote anaweza kuangalia kama jina lake limo. ProZ, tovuti kubwa ya wafasiri iliyoanzishwa mwaka 1999, ina ubao wake ambako wafasiri wanazipa kampuni alama kuanzia 1 hadi 5 kulingana na kama wangekubali kufanya nazo kazi tena. Kabla ya kuanza kazi ya kampuni usiyoijua, huo ndio mlango wa kwanza wa kubisha.

Kuna mwisho mbaya kuliko huu wa kupoteza pesa. Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kuhusu kambi za utapeli wa mtandaoni Asia ya Kusini-Mashariki. Ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kutapeli wengine. Wengi wao, ripoti ikasema, ni wasomi, wanajua kompyuta na wanazungumza lugha zaidi ya moja. Huyo ndiye mhitimu wetu wa lugha. Wakenya, Waganda na Waethiopia ni miongoni mwa waliookolewa huko, wengi wakiwa wameahidiwa kazi nzuri za ofisini Thailand, wakajikuta wamevushwa mpaka kuingia Myanmar, pasipoti zao zimechukuliwa na wanalindwa kwa bunduki. Kwa wenye kambi, mtu wa lugha mbili ni mali, kwa sababu anaweza kumdanganya mtu wa mbali kwa lugha anayoielewa. Ofa ya kazi ya lugha inayokuja na tiketi ya ndege kabla hujamwona mwajiri wala mkataba uliothibitishwa na ubalozi, usiikubali.

Zamani tulifundishana kumtambua tapeli kwa Kiingereza chake kibovu. Sasa programu za akili bandia zinamwandikia barua safi, hata kwa Kiswahili, kwa hiyo sarufi haitusaidii tena. Kinachosaidia ni uchunguzi mdogo wa dakika kumi. Chukua sentensi moja kutoka katikati ya andiko uliloletewa, iweke ndani ya alama za kunukuu na uitafute mtandaoni. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye ensaiklopidia, muulize mteja kwa nini anadai ni yake. Angalia kilicho baada ya alama ya @ kwenye anwani yake, kisha ufungue tovuti ya kampuni anayoitaja kwa kuiandika mwenyewe, usibonyeze kiungo alichokutumia. Piga simu kwa namba uliyoikuta huko, uulize kama mtu huyo yupo. Tapeli mara nyingi hutumia jina la kampuni ya kweli kwa anwani iliyoongezwa kistari au herufi moja, na kampuni yenyewe ndiyo itakayokwambia kwamba wewe si wa kwanza kuuliza.

Halafu tazama pesa zinaelekea wapi. Mwajiri halali hakutozi ada ya usajili, ya mafunzo, ya namba ya mfanyakazi wala ya kukulipa. Umoja wa Mataifa, ambao jina lake linatumiwa sana na matapeli, unatangaza wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Kwa mteja mpya wa kazi kubwa, omba kianzio, au gawa kazi kwa mafungu na ulipwe fungu la kwanza kabla ya kuanza la pili. Mteja wa kweli anaweza kubishana kuhusu kiasi. Yule mwingine atakupa hadithi.

Vyuo vyetu vinafundisha tafsiri, na vijana wanaotoka huko wanajua nadharia vizuri. Ningependa wafundishwe pia kusoma mkataba, kuandika ankara na kumchunguza mteja, kwa sababu ni katika mwezi wao wa kwanza sokoni watakapoandikiwa na huyu "mhadhiri". BAKITA, ambayo tangu ilipoundwa mwaka 1967 ina jukumu juu ya Kiswahili nchini Tanzania na inashughulika na tafsiri, pamoja na vyama vya wafasiri vya ukanda huu, ingefaa viwe na orodha ya tahadhari kwa Kiswahili, yenye anwani na mbinu zinazotumika mwaka huu. Orodha zilizopo ni za Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, na tapeli anayewaandikia Waswahili anaweza kukaa muda mrefu bila kuingia humo.

Aliyekwisha kupigwa asinyamaze kwa aibu. Kama umetuma pesa kwa simu, wasiliana na mtandao wako dakika hiyo hiyo, kabla hazijatolewa. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwenda 15040. Kwa Safaricom ya Kenya ni 333. Nchi zote mbili zina sheria ya makosa ya mtandao, Tanzania tangu 2015 na Kenya tangu 2018, kwa hiyo polisi wana msingi wa kufungua jalada. Hifadhi barua zote, picha za mazungumzo na ujumbe wa muamala, usifute kitu. Januari 2017 Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 baada ya kukiri mbele ya serikali ya Marekani kwamba ilisaidia ulaghai uliopitia kwa mawakala wake. Machi 2020 awamu ya kwanza ya fidia ilianza kulipwa kwa waathirika zaidi ya 109,000 wa Marekani na nchi nyingine. Kesi ile ilisimama juu ya malalamiko ambayo watu wa kawaida waliyaandikisha, mmoja mmoja, miaka mingi kabla hakujawa na dalili yoyote ya kurudishiwa kitu.