Kichwa Kinauma: Je, Chanzo ni Pua?

Mtu wa Lusenda akiumwa kichwa, neno la kwanza kutajwa ni malaria. Si ajabu, kwa maana ufuoni mwa Ziwa Tanganyika mbu ni wengi. Hata hivyo, maumivu mengine hutoka puani, nayo yafaa yajulikane katika kila nyumba.

Mifupa ya uso ina mianya yenye hewa, jozi nne: mashavuni, juu ya macho, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Mwanya wa shavuni ulielezwa na mganga Mwingereza, Nathaniel Highmore, mwaka 1651. Kila mwanya una tundu dogo la kutolea kamasi puani. Tupatwapo na mafua, utando wa ndani huvimba, tundu huziba, kamasi hukwama. Ndipo shavu au paji la uso huuma, hasa tuinamapo. Moshi wa kuni katika nyumba isiyo na dirisha huuwasha utando huo huo. Hata jino la juu lililooza laweza kuutia mwanya wa shavu usaha.

Lakini tuangalie sana. Mwenye homa na apimwe damu kwanza, ijapokuwa ana mafua, kwa kuwa malaria haingoji. Tena, kichwa kipigacho upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, mara nyingi ni kipandauso, wala si pua.

Mafua huletwa na virusi. Dawa za kuua bakteria haziyaponyi. Maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, huisafisha pua vema. Tusimfunike mtoto blanketi juu ya chungu cha maji ya moto, asije akaungua.

Maumivu yakipita siku 10, au yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu, twende kituo cha afya. Jicho likivimba, mtu akiona vitu viwili viwili, shingo ikikakamaa au akili ikivurugika, tusingoje kesho: usaha waweza kufika jichoni au ubongoni.

Wenyeji wa Lusenda, na jirani zao wakimbizi wa Burundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015, hutumia hewa moja. Basi tufungue madirisha, tupike nje iwezekanapo, tunawe mikono, wala tusipuuze pua.