Rekodi kamili za matibabu husaidia kutambua matatizo ya kromosomu mapema

Wakaazi wengi huenda zahanati na daftari dogo la shule ambamo daktari au muuguzi huandika matibabu. Daftari likijaa au likipotea, hununuliwa jingine na historia ya mgonjwa huanza upya. Kwa mafua, hasara yake ni ndogo. Kwa matatizo ya kromosomu za jinsia, ambayo dalili zake hujitokeza moja moja kwa miaka mingi, daftari lililopotea linaweza kuchelewesha matibabu hadi mtoto awe mtu mzima.

Matatizo haya ni yapi?

Kwa kawaida seli za mwili huwa na kromosomu 46, ambazo hubeba maagizo ya ukuaji. Mbili kati yake huhusika na jinsia: kwa kawaida wanawake huwa na X mbili, na wanaume X moja na Y moja.

Msichana mwenye hali ya Turner ana X moja tu, au ya pili ina kasoro. Hutokea kwa takriban msichana 1 kati ya 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Mvulana mwenye hali ya Klinefelter ana X ya ziada, na hutokea kwa takriban mvulana 1 kati ya 500 hadi 1,000.

Hali hizi hutokea kwa nasibu wakati mimba inapotungwa. Si laana, haziambukizi, wala si kosa la mama au baba.

Kwa nini hazitambuliwi mapema?

Mtoto mwenye Turner anaweza kuzaliwa na mikono na miguu iliyovimba. Baadaye huumwa na masikio mara kwa mara, hubaki mfupi kuliko wenzake, kisha hedhi hukosa kuanza. Sikio hutibiwa, ufupi hudhaniwa kuwa wa ukoo, na hakuna anayeunganisha mambo hayo kwa sababu hayakuandikwa mahali pamoja.

Mvulana mwenye Klinefelter anaweza kuchelewa kuongea, kupata ugumu wa kusoma, au kuota matiti anapobalehe. Wengine hugundua hali yao wakiwa wamekosa mtoto katika ndoa, pengine baada ya mke kulaumiwa kwa miaka.

Kuchelewa kuna gharama. Homoni ya ukuaji husaidia kuongeza urefu mifupa ikiwa bado inakua. Homoni nyingine husaidia mwili kubalehe na kuimarisha mifupa. Wenye Turner pia huhitaji kupimwa moyo na figo, na daktari anapaswa kujua hali hiyo kabla ya ujauzito, kwani mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni unaweza kupasuka.

Mzazi afanye nini?

• Atunze kijitabu cha afya ya mama na mtoto hata baada ya chanjo kukamilika, na akibebe kila anapoenda kliniki.
• Aombe mtoto apimwe urefu, si uzani pekee, na vipimo viandikwe pamoja na tarehe.
• Atumie majina yale yale, kwa mpangilio ule ule, katika kila kituo. Majina yakitofautiana, faili ya mtu mmoja huwa faili mbili.
• Atunze majibu ya maabara na barua za rufaa pamoja na daftari. Daftari jipya likinunuliwa, la zamani lisitupwe.
• Amweleze mhudumu iwapo msichana amefika miaka 13 bila matiti kuanza kuota, au mvulana miaka 14 bila dalili za kubalehe.

Uchunguzi huanzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa huandikiwa rufaa ili damu yake ichunguzwe kromosomu. Si kila maabara hufanya kipimo hicho, kwa hivyo barua ya rufaa inapaswa kueleza dalili zote na tarehe zilipoonekana.

Siri ya mgonjwa

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kujua kilichoandikwa kumhusu na kuomba makosa yasahihishwe. Mhudumu hapaswi kuzungumzia hali ya mtoto mbele ya wagonjwa wengine, na mzazi ana haki ya kuomba kuhudumiwa faraghani.