Babu wa wafalme aliyebuniwa

Je, unaweza kuwataja babu zako hadi kizazi cha saba? Wengi wetu hukwama kwenye cha nne. Lakini kuna ukoo mmoja wa wafalme ambao kwa miaka na mikaka ulihusishwa na babu ambaye hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliwahi kuishi!

Huo ni ukoo wa Stewart, ulioanza kutawala Uskoti mwaka wa 1371 na kutwaa pia kiti cha enzi cha Uingereza mwaka wa 1603.

Ikiwa umesoma tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, bila shaka unamkumbuka Banquo. Wachawi wanamtabiria kwamba wazao wake watakuwa wafalme. Anauawa, lakini mwanawe, Fleance, anaponea chupuchupu.

Shakespeare hakuyatunga hayo. Yalitokana na masimulizi ya Hector Boece, msomi wa Uskoti aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1527. Boece alidai kwamba Fleance alikimbilia Wales, akamzaa Walter, naye Walter akaja Uskoti na kuanzisha ukoo.

Macbeth alikuwa mfalme wa kweli aliyetawala kati ya 1040 na 1057. Hata hivyo, hakuna hati ya enzi hizo inayomtaja Banquo wala Fleance.

Basi ukweli ulipatikana wapi? Katika hati za mashamba! Katika karne ya 12, mkubwa alipowapa watawa ardhi, karani aliandika hati na mwishoni akaorodhesha mashahidi. Hakuandika ili kumsifia mtu nasaba yake, na ndiyo sababu maneno yake yana uzito.

Hati hizo zinamtaja Walter fitz Alan, mtumishi wa Mfalme David wa Kwanza. Neno "fitz" ni sawa na "bin" yetu, yaani Walter mwana wa Alan. Naye Alan huyo, mwana wa Flaad, alipewa ardhi Shropshire, mpakani mwa Wales, na Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza.

Isitoshe, Walter alipoanzisha nyumba ya watawa huko Paisley, Uskoti, karibu mwaka wa 1163, watawa wake walitoka Wenlock, huko huko Shropshire. Nyayo zilikubaliana.

Kutoka hapo nyayo zilivuka bahari hadi mji wa Dol, Brittany, nchini Ufaransa. Mwaka wa 1901, mwanahistoria Mwingereza J. H. Round alionyesha kwamba wazee wa Flaad walikuwa wasimamizi wa nyumba ya askofu wa Dol.

Kazi hiyo ya usimamizi ndiyo aliyoifanya Walter kwa mfalme wa Uskoti. Kwa Kiingereza cheo hicho huitwa "steward". Kikarithiwa na mwana kutoka kwa baba, hatimaye kikawa jina la ukoo: Stewart.

Mwaka wa 1315, msimamizi wa sita, ambaye pia aliitwa Walter, alimwoa Marjorie, binti ya Mfalme Robert Bruce. Mwana wao ndiye Robert wa Pili, Stewart wa kwanza kuvikwa taji.

Si vigumu kuona ni kwa nini hadithi ya Banquo ilipendeza. Nani asiyetaka babu shujaa, mwenyeji wa nchi, badala ya mgeni aliyesimamia nyumba ya mwingine?

Nawe msomaji, ukitaka kuufuata ukoo wenu, anza na wazee wangali hai. Andika majina, kisha tafuta karatasi: vyeti vya ubatizo, hati za shamba, vitambulisho vya zamani. Mkichukua majina ya babu zenu, angalia usiwachanganye wawili wenye jina moja.

Na yale uliyosimuliwa yakipingana na yaliyoandikwa, usikimbilie yaliyo matamu. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini asili hiyo kwanza iwe ya kweli.