Uzi: "Tutaongeza pensheni ya wazee na walemavu." Sawa, lakini pensheni gani?

Kila msimu wa kampeni lazima mtu apande juu ya gari aahidi hiyo. Umati unashangilia, halafu huku mtandaoni tunatukanana wiki nzima bila kujua tunagombania nini. Kenya haina kapu moja la pesa za uzeeni. Yako matatu, na kila moja linajazwa kivyake.

Kapu la kwanza ni la wafanyakazi wa serikali: walimu, polisi, makarani wa wizara. Zamani pensheni yao ilitoka moja kwa moja kwa kodi. Januari 2021 ulianza mfuko mpya ambapo mfanyakazi anachangia asilimia 7.5 ya mshahara wake wa msingi na serikali inaweka 15. Kama hujaajiriwa na serikali, hili halikuhusu, tuendelee.

La pili ni NSSF, lililoanzishwa 1965. Hapa ndipo komenti huwaka moto. Wasee, NSSF si msaada. Ni akiba yako pamoja na ile mwajiri anakuwekea. Kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 200 zako na 200 za mwajiri. Piga hesabu: 400 kwa mwezi kwa miaka 20 ni 96,000, bila riba. Ukizigawanya kwa miaka 15 ya uzeeni, unapata kama 530 kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya nyumba gani hapa Satellite?

Ndiyo maana ikaja sheria ya 2013, ikakwama kortini karibu miaka kumi, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoipitisha Februari 2023. Sasa unakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza 6. Wanaopata mshahara mkubwa walianza na makato yasiyozidi 1,080. Kufikia Februari 2025 kiwango hicho kilikuwa kimefika 4,320. Kukasirika ni haki yako, na kuuliza pesa zinawekezwa wapi ni haki yako zaidi. Lakini anayekuambia makato hayo yanalisha wazee wa watu wengine anakudanganya.

Wazee wasio na akiba wanasaidiwa na kapu la tatu, Inua Jamii, na hilo ndilo linatoka kwa kodi. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani kama 67 kwa siku. Tangu 2018 limefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni ya serikali. Usidhani ukifika 70 jina linajiingiza. Lazima uandikishwe, na uandikishaji haufunguliwi kila siku. Pesa zenyewe mara nyingi huja kwa mkupuo baada ya miezi kadhaa, na duka la mtaani halikukopeshi kwa ahadi ya mkupuo.

Sasa soma Katiba, kifungu cha 260: mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Inua Jamii inasema 70. Mama anayeuza mboga kando ya Naivasha Road, au dada anayetembea kutoka Kawangware hadi Lavington kufua nguo, hana mwajiri anayempeleka NSSF. (Kuna mpango wa hiari wa Haba Haba, 25 kwa siku. Ni mzuri, kama hiyo 25 inabaki.) Kwa hiyo toka 60 hadi 70 kapu lake ni watoto wake.

Kwa ulemavu mambo ni magumu zaidi. Chukua kijana wa mjengo anayeanguka kutoka ghorofa ya tatu na kupoteza mguu. WIBA, ile sheria ya 2007 ya kufidia wanaoumia kazini, inambebesha mwajiri mzigo. Lakini kontrakta alimchukua asubuhi kando ya barabara, na hakuna karatasi hata moja. NSSF ina malipo kwa aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi, ila ni kwa aliyechangiwa. Inua Jamii nayo inalenga ulemavu mkali, mtu anayehitaji kuangaliwa saa 24, na pesa hupokelewa na mlezi wake. Huyu wetu anajiogesha na kujipikia. Hafuzu.

Ataambiwa akajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wanaoishi na Ulemavu. Aende tu, kadi ina faida. Mojawapo ni kutolipa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Yeye anauza peremende kwa steji.

Basi wakija tena na gari na spika, msiulize kama wataongeza. Waulizeni ni kapu gani, umri unaanzia ngapi, na huyu wa steji anaingia wapi. Uzi ujao ni wa SHIF. Leteni maswali.